Farasi Wengi, Mkuku Hakuna

Nina ugomvi na watu wanaopenda farasi. Farasi wa nyama na mkia sina neno nao. Nawasema wale wanaoandikwa kwenye matangazo ya injini, ambao kila mwaka lazima wawe wengi kuliko mwaka uliopita. Nasoma shahada ya uzamili ya uhandisi mitambo kaskazini mwa Michigan, kwenye Rasi ya Keweenaw, mahali ambapo kando ya barabara ya US-41 pamesimamishwa ubao mrefu mfano wa kipimajoto kuonyesha rekodi ya theluji: inchi 390.4 katika msimu wa 1978 hadi 1979, karibu mita kumi. Kwa watu wa hapa, pikipiki ya theluji ni kama bodaboda kwetu: chombo cha kazi, cha starehe, cha kujionyesha na cha kuvunjia miguu. Na kama kwetu, kijana akinunua huulizwa swali moja tu: ina nguvu kiasi gani? Kwa misimu miwili niliyokaa hapa sijasikia mtu akiuliza swali ambalo ningeanza nalo mimi: inageuka?

Msimamo wangu nauweka mapema ili asiyeutaka aondoke na muda wake. Mwenye dola 200 za kutumia kwenye mashine yake azipeleke chini ya skii. Ekzosti ya kelele isubiri, na kile kisanduku cha kuidanganya kompyuta ya injini kisubiri pia. Na kiwanda kinachouza mashine ya dola elfu kumi na tano, kisha kikamwachia mnunuzi kazi ya kwenda kutafuta usukani unaoshika, kimeuza nusu ya mashine kwa bei ya mashine nzima.

Kwa ambao hawajaiona kwa karibu: mbele ina skii mbili, nyuma ina mkanda mpana wa mpira wenye mbavu, unaozungushwa na injini. Mkanda unasukuma, skii zinaongoza. Skii za zamani zilikuwa za chuma. Nyingi za leo ni za plastiki ngumu, ya ukoo mmoja na vile vibao vyeupe vya kukatia nyama buchani, kwa sababu theluji haiing'ang'anii. Chini ya kila skii, kwa urefu wake, kuna tuta. Sijaona kamusi iliyolipa jina, lakini mimi ni mtoto wa Tanga na nina mjomba fundi wa mashua, kwa hiyo nimeliita mkuku na sioni haya. Kazi yake ni ileile ya mkuku wa jahazi, kuzuia chombo kisipelekwe upande. Kwenye mkuku huo hufungwa kwa bolti fimbo ya chuma, na kwenye fimbo, pale katikati panapobeba uzito, huchomelewa vipande vya kabaidi ya tangsteni vilivyochongwa ncha. Usiichanganye na kabaidi ya mafundi wa gesi, wala ile wanayoivishia ndizi kwa hila. Hii ni ngumu kuliko chuma, ngumu kuliko mchanga, na ndiyo inayowekwa kwenye ncha za keekee za kutobolea zege.

Sasa fikiria barafu. Plastiki juu ya barafu haina msuguano wa kutaja. Ukigeuza skii isiyo na ncha, skii itageuka na mashine itaendelea na safari yake kama mtu asiyesikia anaitwa. Kinachoiingiza kwenye kona ni ile ncha ya kabaidi inayochimba mfereji mwembamba, milimita chache tu kwenda chini, na ukuta wa mfereji huo ndio unaosukuma pua ya mashine upande unaotaka. Mashine ya kilo 250, pamoja na mtu wa kilo 80 aliyevaa kama mwanaanga, inategemea kuta mbili zenye kimo cha punje ya mahindi. Kila nikilieleza hili kwa watu wapya wanacheka, halafu wanaacha kucheka.

Ongeza farasi hapo uone. Ukibana mafuta kwa kidole gumba, uzito unarudi nyuma kwenye mkanda, pua inanyanyuka, skii zinakuwa nyepesi na ncha zinachimba kina kidogo zaidi. Ndiyo maana waendeshaji wazoefu, mashine ikigoma kugeuka, hulegeza mafuta kidogo ili skii zishuke na kuuma. Kwa maneno mengine, nguvu unayoinunua kwa ajili ya mkanda wa nyuma inakula usukani wa mbele, wakati huohuo ikikufikisha kwenye kona kwa mwendo mkubwa zaidi. Mwendo ukiwa mara mbili, umbali wa kusimama unakuwa mara nne. Huo ni ujuzi wa kidato cha tatu, na sikuhitaji kupanda ndege kuja kuusomea hapa.

Waanzilishi walilijua hili. Carl Eliason wa Sayner, Wisconsin, alipounda mashine yake 1924, alikuwa na injini ya boti ya nguvu farasi 2.5, vipande vya baiskeli, na skii mbili mbele alizozigeuza kwa kamba. Farasi wawili na nusu, na tayari alikuwa anashughulikia jinsi ya kuongoza. Joseph-Armand Bombardier wa Quebec alimpoteza mwanawe mdogo mwaka 1934 kwa sababu theluji ilikuwa imeziba njia ya kufika hospitali. Mashine hizi zilizaliwa katika haja ya kufika. Leo unaweza kuingia dukani ukatoka na mashine ya kiwanda yenye nguvu farasi 180. Sikatai kwamba skii nazo zimeboreka, maumbo yake yamefanyiwa kazi ya kweli na watu ninaowaheshimu. Lakini fungua kijitabu chochote cha mauzo uone ni ukurasa wa ngapi unaotaja kilicho chini ya skii, kama upo.

Januari iliyopita mimi na wenzangu wawili tulikodi mashine kwenye duka moja katika mji wa jirani. Jina la duka nalihifadhi. Kabla ya kusaini nilipiga goti, nikavua glavu, nikapitisha kidole chini ya skii. Fimbo ilikuwa laini kama mpini wa mwiko. Upande wa kulia kabaidi zilikuwa zimelika hadi kuwa mviringo. Upande wa kushoto kipande kimoja kilikuwa kimeng'oka kabisa na shimo lake limejaa kutu. Nikamwita mhudumu, nikamwonyesha. Akatazama, akatabasamu kwa upole ambao siusahau, akasema, "Utazoea." Tukabishana. Mwishowe tukabadilishiwa moja kati ya tatu.

Aliyepewa mojawapo ya zile mbili ambazo hazikubadilishwa alikuwa mzaliwa wa hapa, kijana aliyeanza kuendesha kabla hajajua kusoma. Saa tisa alasiri, wakati njia imekwisha kung'arishwa na mamia ya mashine zilizotangulia, alifika kwenye kona ya kulia akiwa na mwendo ambao mimi ningeuita wa adabu. Akainama vizuri, akageuza vizuri, skii zikageuka vizuri. Mashine ikaenda moja kwa moja hadi kwenye miti michanga ya upande wa pili. Alivunjika kifundo cha mkono. Ingekuwa miti mikubwa, au mashine nyingine inakuja, nisingekuwa naandika kwa sauti hii. Duka lilimtoza gharama ya bamba la mbele lililopasuka.

Hakuna anayekodisha gari akamwambia mteja kuhusu breki kwamba atazoea. Hata kule kwetu, ambako tairi kipara ni jambo la kila siku, abiria anajua ni kosa na dereva anajua ni kosa, na trafiki akiiona angalau inampa sababu ya kunyoosha mkono. Huku, fimbo kipara haina hata jina la kosa. Inahesabika kama mambo ya mwenye mashine, kama rangi ya kiti.

Na tatizo si kona tu. Kuna jambo wanaoendesha huku wanalijua kwa mikono yao. Kila mashine iliyopita imeacha mifereji yake kwenye theluji iliyoganda, mamia ya mifereji inayokatana. Mkuku wako wenye mstari mmoja wa kabaidi unatumbukia kwenye mfereji wa mtu mwingine na kuufuata. Usukani unachomoka kushoto. Unaurudisha, unachomoka kulia. Baada ya saa mbili mabega yanawaka, na mtu aliyechoka mabega ni mtu anayechelewa kugeuza. Wengi hapa wanadhani hiyo ndiyo tabia ya mashine, kama vile punda anavyopiga mateke. Siyo. Ukifunga fimbo mbili zenye kabaidi sambamba chini ya kila skii, mahali pa moja, mfereji mmoja hauwezi kuimeza skii nzima. Mstari mmoja ukitumbukia, mwingine unakaa juu na kukataa. Zipo pia skii zilizoundwa tangu mwanzo na mikuku miwili. Nimeendesha mashine ileile, njia ileile, asubuhi moja na fimbo za zamani na asubuhi ya pili na fimbo pacha. Siku ya pili niliendesha kwa vidole.

Hapa lazima niwe mwangalifu, maana wauzaji wa vipuri nao wana dini yao, na dini hiyo husema kabaidi zaidi ni bora zaidi. Si kweli. Ukiweka kabaidi ndefu mno, usukani unakuwa mzito kama kugeuza pipa la maji. Tena mbele ikishika kuliko nyuma, nyuma inafyatuka kwenye kona na mashine inazunguka kama pia. Wanaofunga misumari ya chuma kwenye mkanda ili upate kushika barafu wana tatizo la kinyume: nyuma inasukuma kwa nguvu, mbele haiumi, mashine inanyooka kuelekea miti. Misumari na kabaidi vinapaswa kupangwa pamoja, kama mizigo ya pande mbili za punda. Upana wa skii nao hufuata mahali. Kwenye theluji nene ya milimani unataka skii pana ielee. Kwenye njia ngumu iliyosawazishwa, upana huo haukusaidii sana, unataka mkuku.

Na kabla ya kununua chochote, angalia kilichopo. Shika ncha ya skii uitikise: kama inacheza kabla usukani haujasogea, bushi zimekwisha au tairodi zimelegea, na skii mpya juu ya bushi mbovu ni kumnunulia viatu mtu mwenye mguu uliovunjika. Nyoosha usukani, pima umbali kati ya skii mbele na nyuma. Mbele ziwe zimefunguka kidogo tu, milimita chache, kama maelekezo ya mashine yako yanavyosema. Zikifungana kwa ndani, mashine itayumba hata uifunge almasi. Kisha kuna mikanda midogo inayozuia sehemu ya mbele ya springi za nyuma isishuke mno. Ukiifupisha tundu moja, uzito zaidi unakaa kwenye skii. Tundu moja, spana moja, dakika ishirini, bei yake bure. Hiki ndicho kinachonitia uchungu zaidi kuliko bei za viwanda: sehemu kubwa ya usukani wa watu iko gerejini kwao tayari, imelala, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba ni kitu cha kushughulikia.

Nimejibiwa mengi. Wazee wa hapa wananiambia, kwa heshima, kwamba mashine huongozwa kwa mwili: unainama, unahamisha uzito, unacheza na mafuta. Nawaamini, na wamenifundisha mengi ambayo vitabu vyangu havina. Lakini kuinama ni njia ya kuikandamiza ncha kwenye theluji, na kama ncha haipo unaikandamiza plastiki. Nahodha wa Pangani anajua upepo kuliko mimi nijuavyo jina langu; mng'olee mkuku uone kama ujuzi wake utamzuia kwenda mrama. Kijana wa kifundo cha mkono alikuwa na ujuzi wote mnaousema.

Wengine wananiambia kabaidi na misumari vinaharibu njia, hasa pale njia inapopita juu ya lami ambayo kiangazi hutumiwa na baiskeli. Hoja hii ni nzito na siipuuzi. Nimeona mikwaruzo hiyo. Hapa Houghton, wakati wa baridi, mashine huvuka mfereji kwa sitaha ya chini ya daraja la kuinuliwa, na ukisimama karibu unasikia chuma kikikwaruza mahali theluji ilipokwisha. Kila sauti ile ni kabaidi inayolika na sakafu inayolika. Lakini jibu lake ni kupanga mahali pa kuvukia na kuwekea theluji, au kuweka ulinzi juu ya lami, kama zinavyofanya baadhi ya njia. Kumwacha mtu ajae kwenye kona bila mkuku ili lami ipone ni hesabu ambayo ningependa kumwona mtu akiifanya hadharani.

Binamu yangu wa Dar es Salaam ana jibu fupi zaidi. "Theluji na wewe, wapi na wapi?" alinirushia kwenye simu. "Umesomeshwa na ukoo mzima ukaboreshe midoli ya matajiri?" Nilicheka, kisha nikamjibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika sita ambao sidhani aliumaliza. Nilimwambia hivi. Kwanza, hawa si matajiri wote. Wengi ninaowafahamu huku wamenunua mashine kuukuu ya mkono wa nne, na ni hao hao wanaoendesha na fimbo zilizolika, kwa sababu tangazo la muuzaji lilitaja ekzosti mpya na halikutaja mkuku. Pili, kuna mahali ambapo mashine hii si mdoli kabisa. Watu wa Alaska huiita tu mashine ya theluji. Kule magharibi mwa jimbo hilo, kuzunguka Bethel, vijiji havikuunganishwa kwa barabara na mji wowote mkubwa, na majira ya baridi mto Kuskokwim ulioganda ndio barabara yenyewe. Mtu anapeleka samaki, kuni, mtoto mgonjwa, juu ya barafu tupu inayong'aa. Barafu hiyo haijali kama umekuja kustarehe au kufanya kazi. Mwambie mtu wa huko kwamba usukani ni nyongeza ya hiari.

Tatu, na hapa ndipo binamu aliponyamaza, ugonjwa huu ameuona kwa macho yake. Amepanda bodaboda zilizofungwa muziki, taa za rangi saba na ekzosti iliyotobolewa ili ingurume, huku tairi la mbele limeng'aa kama upara wa mzee. Nani aliwafundisha vijana wale kwamba nguvu ni ya kusikika na mshiko si wa kuonekana? Hawakuzaliwa nao. Waliuziwa, neno kwa neno na picha kwa picha, kama vijana wa hapa.

Kwa sababu hiyo siwalaumu waendeshaji nusu ya ninavyoviudhikia viwanda. Mnunuzi anajua anachofundishwa kutazama. Wanaoziunda mashine hizi wanajua kwa usahihi wa kompyuta ni uzito kiasi gani unabaki kwenye skii mafuta yakibanwa hadi mwisho. Hiyo ni kazi yao ya kila siku. Kisha mashine mpya inatoka na fimbo za kuanzia tu, na mwuzaji, akishapokea fedha, anakushauri kwa sauti ya chini kama anayekupa siri ya ndoa kwamba ukitaka igeuke vizuri, fimbo nzuri ziko rafu ya nyuma, dola mia na kitu. Fikiria ukinunua gari jipya ukaambiwa tairi za kushika barabara ziko rafu ya nyuma. Kwenye mashine ya dola elfu kumi na tano, fimbo pacha ni kama asilimia moja ya bei. Asilimia moja! Hakuna mhasibu atakayenishawishi kwamba haikupatikana.

Nina vita vidogo vya karibu pia. Kikundi cha wanafunzi ninachokitumikia kinafufua mashine kuukuu mbili kila msimu, na mwaka huu zimebaki dola 600. Wengi wanataka ekzosti nyepesi, inayoongeza farasi kadhaa na kuimba vizuri kwenye video. Kikao ni Alhamisi. Nimeandika hesabu zangu: jozi ya fimbo pacha kwa kila mashine, bushi mpya, tairodi mbili, na kinachobaki tununue fimbo za akiba, kwa sababu hulika na lazima mtu azikague kila wiki. Nimeomba pia zamu ya ukaguzi iandikwe ukutani, na jina la mkaguzi kando yake. Mmoja wao ameshanitumia ujumbe kuuliza kama hiyo bajeti yangu ina hata farasi mmoja. Nimemjibu hamna, na kwamba Alhamisi nitakuja na spana.